Theluji Ndani ya Chupa ya Chai

Wiki iliyopita Mama alikuwa anapanga upya kabati lake la vyombo, akanipigia simu niende nikachukue chupa yangu ya chai. Nikamwambia mimi sina chupa ya chai kwake. Akasema, "Unayo, ile uliyoiharibu," akakata simu. Nilicheka peke yangu, maana nilijua papo hapo anasema ipi. Chupa nyekundu, ina maua ya waridi ubavuni, kifuniko kimebonyea upande mmoja. Jioni nilipofika kwake niliifungua pale pale jikoni nikatia pua ndani. Imeoshwa kwa sabuni, kwa magadi, kwa ndimu na chumvi, na bado inanuka iliki.

Harufu ile ikanirudisha kwenye likizo moja ya baridi, mie bado mtoto wa madrasa, meno ya mbele makubwa kuliko mdomo, na nyumbani kwetu Mayfair, hapa Joburg, kuna watu wawili wasiosemezana.

Watu hao walikuwa Baba na mdogo wake, Ba'mdogo Hemedi. Baba ni fundi wa kanzu. Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha linalotazama mtaani, na mlio wake ndio uliotulaza na kutuamsha. Ba'mdogo alikuwa dereva wa kombi ya watalii. Walitoka Tanga pamoja, wakalala godoro moja hapa Joburg kabla Mama hajaja, na mimi nilipopata akili nilimkuta Ba'mdogo anakuja kwetu kila Ijumaa baada ya sala. Wanaketi mkekani, wanakula sinia moja, wananyang'anyana ukoko wa wali utadhani watoto. Nilidhani ndugu wote duniani wako hivyo.

Kisha Bibi yetu, mama yao, akafariki kule Tanga. Siku hiyo Baba alikuwa hospitali, amepasuliwa tumbo, na daktari alikuwa ameonya asishtuliwe. Simu ya msiba ikaingia kwa Ba'mdogo, naye akaamua kunyamaza. Akaenda wodini, akakaa kitandani kwa kaka yake, akamsimulia mpira, akamchekesha mpaka Baba akajishika mshono, na huku mama yao keshazikwa. Baba aliambiwa aliporudi nyumbani, wakati Tanga watu walikuwa wameshaanua matanga. Hakulia mbele yetu. Alisema tu kwamba watu wote wa Tanga walijua mama yake amekufa isipokuwa yeye. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena Hemedi.

Sasa, kununa kwa watu wa dini kuna tabu yake, kwa sababu tumekatazwa kumnunia ndugu zaidi ya siku tatu. Basi wakawa wanatoleana salamu, tena kamili, mpaka mwisho wake wa rehema na baraka, na baada ya hapo kimya. Mengine yote yalipita kwangu. Mimi nina jina la Bibi, Zuhura, na kwa desturi za kwetu wote wawili waliniita mama. "Mama, mwambie baba yako gari la vitambaa limefika." "Mama, mwambie nimesikia." Nilikuwa kama robot, ndivyo tunavyoziita hapa taa za njia panda, nawaka huku, nawaka kule, na wenyewe wamekaa chumba kimoja, masikio mazima. Ijumaa Ba'mdogo aliendelea kuja, ila sinia zikawa mbili.

Iliniuma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimsikia Mama akimwambia jirani yetu Mama Neema kuwa Hemedi anatafuta kazi Cape Town, na mwaka ukigeuka huenda akahama. Nilijua maana yake. Akishaondoka na lile jambo halijaisha, ndiyo basi tena.

Wakati huohuo madrasa tulikuwa tunafundishwa dua ya kufungulia sala. Kiarabu tulikiimba bila kujua tunasema nini, lakini Ustadhi wetu alikuwa mtu wa kupenda maana, akatueleza: mwenye kusali anamwomba Mola amwoshe makosa yake kwa maji, na kwa theluji, na kwa mvua ya barafu. Wenzangu wakapita, mie nikabaki pale pale. Nikamuuliza theluji inapatikana wapi. Ustadhi, bila kuinua kichwa, akasema iko hapo tu Lesotho, milimani, watu wanakwenda kuichezea. Hakujua amenipa nini.

Maana nilikaa nikapiga hesabu zangu za kitoto. Maji Baba anayatumia kila sala, alfajiri mpaka isha, na bado kanuna. Ba'mdogo vilevile. Kwa hiyo maji yameshindwa. Mvua ya barafu ikinyesha Joburg watu wote wanakimbilia ndani na kulilia vioo vya magari, hakuna wa kusimama nje aoshwe. Kilichobaki ni theluji. Nani kati yao ndiye mkosa, hilo sikulijua. Nikimsikiliza Baba naona ana haki, nikimtazama Ba'mdogo naona naye ana haki. Nikaona salama ni waoshwe wote wawili.

Idi mwaka ule ikaangukia katikati ya likizo ya shule. Kila Idi Baba humshonea mdogo wake kanzu, na safari hii mimi na Mama tulikuwa tunangoja tuone. Alimshonea. Hakumwita kumpima, mabega ya Hemedi anayajua kwa moyo. Akaikunja, akanipa, akasema nimpelekee. Ba'mdogo akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia nimwambie baba yangu ahsante. Nikarudi nikasema ahsante. Baba akakanyaga cherehani, ikalia, hilo ndilo lililokuwa jibu.

Idi pili Ba'mdogo akaja na habari kwamba kombi haina wateja na tajiri wake amemruhusu kuitumia. Akasema atupeleke Lesotho tukaone theluji, tulale usiku mmoja kijijini kwa mama mmoja ambako hupeleka watalii wake, kesho yake turudi. Moyo wangu ulitaka kutoka. Akanigeukia: "Mama, mwambie baba yako twende wote, nafasi ipo." Baba akasema nimwambie ana kazi. Kazi gani baada ya Idi, na kanzu zote za Mayfair zimeshavaliwa? Hakuna aliyeuliza. Tukaenda mimi, Mama, na Mama Neema, mwanamke wa Goma aliyekuwa na saluni yake ya kusuka upande wa pili wa ukuta wetu. Yeye alisema hawezi kukaa nchi hii na kufa bila kuona mlima wake hata mmoja.

Tulitoka baada ya alfajiri. Ba'mdogo alivaa kanzu yake mpya, na juu yake koti kubwa la baridi, kwa kuwa aliapa picha za Idi atapigiwa kwenye theluji. Mama alibeba pilau lililobaki, sambusa, na ile chupa nyekundu imejaa chai ya maziwa yenye iliki. Joburg ikaisha, yakaja mashamba ya Free State, nyasi za manjano mpaka macho yanachoka, na ng'ombe wanatoa moshi puani. Mimi nilikaa mbele. Ba'mdogo alinisimulia njia nzima habari za skii, namna watu wanavyofunga mbao miguuni na kuteleza, namna ya kukata kona, namna ya kusimama. Kwa alivyoeleza ungedhani amezaliwa nazo. Nilipomuuliza yeye ameteleza mara ngapi akasema dereva haachi gari.

Baada ya kuvuka mpaka wa Lesotho njia ikaanza kupanda na kujikunja, masikio yakaziba. Mama alishika kiti kwa mikono yote akisoma alichokijua. Mama Neema yeye alikuwa anachungulia makorongo kwa furaha. "Sisi kwetu Goma tuko na mulima ya moto," akasema, "hapa njo mulima ya baridi. Mungu iko na mambo."

Kijijini tulipokewa na yule mwenyeji wetu, Mme Puleng, na "Mme" kwa Kisotho ni mama, mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuamrisha. Nyumba zake za mviringo zilijengwa kwa mawe, zimeezekwa nyasi, na ndani sakafu inang'aa kwa kusuguliwa. Nilimtazama kwa heshima kubwa kupita kiasi. Mtu anayeishi karibu na theluji namna ile, nikafikiri, atakuwa hana kosa hata moja. Kwa hiyo nilishangaa sana alipotoka nje kumfokea jirani yake kwa sababu ya mbuzi aliyekula kabichi, wakafokeana mpaka mbwa wakajificha. Nikajiambia labda theluji ya mwaka huu haijamfikia.

Baridi ilipoanza kung'ata alitutolea mablanketi yao, yale mazito ya sufu yenye mistari. Mama akalipokea lake, na kwa mazoea akajifunga lubega kama kanga, mistari imelala. Mme Puleng akaweka sufuria chini. Akamfungua Mama bila kuomba ruhusa, akaligeuza blanketi mpaka mistari ikasimama, akalibana kifuani kwa pini kubwa. Ba'mdogo, ambaye Kisotho alikuwa anakiweza, akatueleza kwamba mistari haivaliwi ikiwa imelala, inazuia mtu kukua. Sharti isimame. Mama akasema yeye kukua alishamaliza zamani, sasa anapanuka tu. Ilipotafsiriwa, Mme Puleng alicheka akampiga Mama begani, na kuanzia hapo wakawa mashoga wasiojua lugha moja. Ba'mdogo alikuwa na blanketi lake mwenyewe, la rangi ya buluu, analoliweka kwenye kombi siku zote. Alilivaa mistari imesimama kabisa, mtu hujui kama ni mtu wa Tanga.

Tulikula pilau letu na mkate wake wa mvuke, mnene na laini, pamoja na mboga za majani. Kisha nikatoka nje kabla ya kulala. Mie mtoto wa Mayfair, maisha yangu yote nimezoea adhana, honi za teksi, Wasomali wanapunguza bei kwa kelele mlangoni. Kule kulikuwa na mto chini bondeni umeganda pembezoni, farasi mmoja anatikisa kengele, na nyota zimejaa chini chini. Niliogopa kidogo, halafu nikapenda. Ba'mdogo alikuwa amekaa juu ya jiwe, blanketi limemfunika mpaka masikio. Nikakaa naye. Akaniambia Bibi alikuwa akimuuliza kwenye simu kama ni kweli wanakaa nchi ambayo barafu inaanguka yenyewe, na kwamba alimwahidi kumpigia picha. "Sikuwahi," akasema. Nikamwegemea.

Asubuhi tukapanda mpaka mahali pa kutelezea. Nilitegemea milima yote iwe nyeupe, kumbe ni utepe mmoja mweupe unaoshuka mlimani, na pembeni nyasi za kahawia kama za nyuma ya shule yetu. Ba'mdogo akanieleza kwamba ile nyingi inatengenezwa, akanionyesha mashine zinazoipuliza usiku. Nilinyong'onyea. Theluji ya mashine itaosha nini? Nikamuuliza kama hakuna iliyoanguka yenyewe. Akanionyesha malundo kando ya njia ya kutelezea, chini ya miamba, yaliyobaki kutoka siku mvua ya theluji ilipopita. Hiyo ndiyo, nikasema moyoni, hiyo ya Mungu.

Basi Ba'mdogo, kwa vile alikuwa ameongea sana njiani, hakuwa na pa kukimbilia. Mama Neema alimshikilia kwamba mtaalamu atuonyeshe. Akavalishwa viatu vizito vya plastiki, akafungwa mbao, akakabidhiwa fimbo mbili. Koti akalivua, akataka picha ya kanzu. Kijana wa pale aliyefundisha wageni akamweleza abane ncha za mbao kama kipande cha pizza ndipo atasimama. Ba'mdogo akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa asilolisahau.

Akasema bismillahi, akaondoka. Pizza ikasahaulika hapohapo. Alishuka wima, mikono juu, kanzu imejaa upepo kama pazia, akampita mwalimu, akawapita watoto wa kizungu waliofungwa kamba, akapasua wavu wa rangi ya machungwa na kuingia mzima mzima ndani ya lundo chini ya mwamba. Lile lile la Mungu. Kilichobaki kuonekana ni fimbo moja.

Mama akashika kichwa. Mimi nikakimbia, nikaanguka, nikainuka. Nilipomfikia alikuwa chali, theluji masikioni, shingoni, ndani ya kanzu, kwenye ndevu, na kanzu imechanika kutoka kwapani mpaka mfukoni. Alikuwa anacheka. Alicheka muda mrefu, halafu nikaona machozi yanashuka kuelekea masikioni. Nikamuuliza kama ameumia.

"Sijaumia, mama," akasema. "Bibi yako angeniona leo angecheka mpaka akae chini."

Nikamtazama vizuri. Hakukuwa na sehemu ya mwili wake ambayo haikuguswa. Kwa uhakika zaidi nikachota theluji kwa viganja vyote viwili nikammwagia utosini, akapiga kelele. Sikumwambia kwa nini. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza mpaka leo, ile ya mtu aliyebeba kazi ngumu na nusu yake imeisha. Ba'mdogo ameshaoshwa. Amebaki Baba.

Nikamuuliza, huku anafungua viatu, kama chupa ya chai inaweza kutunza baridi. Akasema chupa haichagui, inatunza kile ilichopewa. Nikarudi kwenye kombi. Kikombe cha mwisho cha chai alikuwa nacho Mama Neema, anakipulizia, kwa hiyo chupa ilikuwa tupu. Nikaenda nayo kwenye lile lundo. Theluji ya juu ilikuwa laini, lakini mie nilitaka ya ndani, safi, isiyokanyagwa na mbao za Ba'mdogo, na hiyo ilikuwa imegandamana. Nikaitwanga kwa kifuniko. Hapo ndipo kilipobonyea. Nikaijaza mpaka shingoni, nikaishindilia kwa kidole mpaka kidole kikafa ganzi.

Kurudi nilikaa nayo mapajani. Tulipofika kituo cha mafuta, tumeshaingia Free State, Mama akasema nimpe chai. Nikasema imekwisha. Akaichukua, akaitikisa, akasikia inavyogonga ndani. Akanitazama kwa lile jicho lake. Ikabidi niseme, kwa kunong'ona, kwamba ni theluji ya kumwosha Baba ili asimnunie tena Ba'mdogo, kama tulivyofundishwa kwenye dua, na kwamba Ba'mdogo yeye tayari. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya kifuniko. Mama aligeuza uso dirishani. Halafu akanirudishia chupa mapajani, akanivuta mikono yote miwili akaiweka juu yake, akaniambia niishike vizuri.

Tulifika Mayfair baada ya magharibi. Ba'mdogo akazima gari, akaanza kushusha mizigo, hana haraka, blanketi lake la buluu limeifunika ile kanzu iliyochanika. Tangu wanuniane, siku isiyokuwa Ijumaa wala Idi alikuwa akiishia mlangoni, akitoa salamu na kuondoka. Mimi nikatangulia mbio.

Baba alikuwa kwenye cherehani yake, taa inamulika mikono. Kitambaa hakuwa nacho. Alikuwa amekaa tu. Nyumbani kwetu Baba alikuwa haitikii Kiingereza, na mie wakati ule Kiswahili changu kilikuwa kizuri masikioni kuliko mdomoni, kwa hiyo maneno yale nilikuwa nimeyapanga njia nzima.

"Baba, nimekuletea theluji. Ile ya kwenye dua. Ba'mdogo ameshaoshwa, mwili mzima. Umebaki wewe."

Baba akanitazama, akaitazama chupa. Alikuwa mtu wa fikihi kweli kweli, huwezi kumpelekea jambo la dini asilipime. Akaifungua, akamimina kidogo kiganjani. Ilitoka uji uji, nusu maji nusu theluji. Akainusa. "Mama," akasema polepole, "maji haya yana harufu ya iliki. Kwa udhu hayafai."

Machozi yakaanza kunijaa. Safari yote ile, na kumbe nimeharibu kwa chai. Baba akaona. Akasema tena, kwa haraka kidogo, "Lakini uso naweza kunawa."

Akaenda bafuni nikimfuata na chupa. Akakunja mikono ya shati, akakinga, nikammiminia. Ilikuwa baridi, kwa sababu aliruka kidogo. Akanawa uso mara moja, akakinga tena, akanawa tena, kisha akabaki ameinama juu ya sinki, viganja vimefunika macho. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri baridi imemdhuru. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikasimama na chupa yangu, sisogei.

Alipoinuka hakujifuta. Akatoka hivyo hivyo, maji yanadondoka ndevuni, mpaka mlangoni. Ba'mdogo alikuwa anaweka chini begi la mwisho. Akatoa salamu yake ile kamili, Baba akaitikia, na mie kwa mazoea nikajisogeza katikati yao nisubiri kutumwa. Blanketi lilikuwa limeteleza begani. Baba akaona mpasuko.

"Nimekushonea kanzu ya Idi," akasema, "umeifanya nini?"

Ba'mdogo akageuka kwangu. "Mama, mwambie baba yako nilianguka."

"Nimesikia," Baba akasema. "Ingia. Ivue."

Nikasogea pembeni. Ni mara ya kwanza kwa miezi mingi kwamba sikuwa na kazi katika chumba kile. Ba'mdogo akaingia, akaivua kanzu, akakaa mkekani na blanketi lake, mistari imesimama. Baba akatafuta uzi mweupe, akautunga kwa taa, akaweka mpasuko chini ya sindano, akaanza. Mama na Mama Neema walikuwa wamesimama na vikapu mikononi, hakuna anayekwenda jikoni. Cherehani ililia kipande kirefu. Kisha Baba akauliza, hajainua kichwa, mguu bado unakanyaga:

"Nani alimwosha Mama?"

Ba'mdogo akanitazama mimi kwanza, labda hakuamini kama ameulizwa yeye. Akasema ni dada yao, Mwanahawa, na bi mkubwa wa jirani akamsaidia kushika. Akasema maji yalitekwa kisimani, yakapashwa moto kidogo, kwa kuwa mama yao alikuwa hapendi maji ya baridi. Karafuu maiti ilinunuliwa asubuhi ile. Alisema yote hayo kwa sauti ndogo, mfululizo, kama mtu anayetua mzigo kitu kimoja kimoja. Alikuwa ameyashika kichwani muda wote ule, hana wa kumpa.

"Nikiwa kwenye simu," akasema, "nilimwambia Dada ammwagie kopo moja la kwako. Akamwagia kwanza kwa majina ya waliokuwapo, kisha akamwaga lako, akasema hili ni la Kaka. Na la kwangu likafuata."

Cherehani ikasimama. Baba aliweka mikono miwili juu ya ile kanzu, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa chuma. Ba'mdogo akainuka kutoka mkekani, akaenda, akasimama nyuma ya kiti cha kaka yake, akamfunika kwa upande wa blanketi. Mama akanishika mkono, akanipeleka jikoni, akabandika maji ya chai. Kwa vile chupa ilikuwa bado na theluji ndani, tulikunywa kutoka kwenye sufuria.

Ba'mdogo hakwenda Cape Town. Ijumaa iliyofuata Mama alipakua sinia moja bila kumuuliza mtu, na ukoko ukagombaniwa. Mimi nikapoteza kazi yangu ya robot, na sikuililia. Baadaye nilikua, nikasoma, nikajua kwamba yale maneno ya theluji ni mfano wa namna ya kumwomba Mola, wala mtu hatumwi Lesotho. Nimelikubali hilo. Lakini nimeichukua ile chupa, iko hapa mezani kwangu na kifuniko chake kilichobonyea, na mpaka leo nikifungua sala, nikifika kwenye theluji, nasikia harufu ya iliki.